Matanga ya Kalumba Yaliyokataa Kwisha

Vijana wangu wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka ya Likasi, siku mliponiaga mlinipa mbuzi na hotuba. Mbuzi tulimla siku ileile. Hotuba ilisema kwamba nimelitumikia taifa kwa uaminifu, maneno ambayo nimewahi kuyasikia yakisomewa watu tuliowakamata wiki iliyofuata. Kisha mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya upelelezi. Basi naandika. Habari za vyeo na mshahara naziacha. Vyeo vilichelewa, na mshahara wa miaka ile ulitufundisha sote kulima mahindi.

Nilianza wakati wa abakosti, kila mwanamume wa ofisi alipovaa koti lisilo na tai na kila mtu akaitwa citoyen, yaani raia. Siku ya kwanza walinikabidhi kwa Inspekta Kabwe, mzee mfupi mwenye miguu ya mpanda baiskeli, aliyejifunza kazi kwa Wabelgiji kisha akaisahau kwa makusudi. Alinipa vifaa vyangu: baiskeli isiyo na breki ya mbele, tepu ya kupimia, na kamera. Nikamwuliza filamu iko wapi.

"Filamu?" akasema. "Filamu ilimalizikaka zamani. Taa iko inawaka. Inatosha."

Na kweli ilitosha. Mtu akimulikwa na taa ile usoni alisimama wima, akaanza kusema. Tulipiga picha za nusu ya mji huu bila kubaki na hata moja. Kabwe alinifundisha pia namna ya kuchunguza kifo. Ukiingia msibani, kaa na wacheza karata, maana wenye kula hawasemi kitu. "Na muntu mwenye kulia sana, umuandike," aliniambia. "Mwenye hapana kulia, umuandike pia. Kiisha angalia mikono yao. Mudomo ni ya kusalimia tu." Nimeifuata sheria hiyo mpaka juzi, na nawaachia ninyi.

Sasa kesi. Mnaniuliza kila mara kuhusu kesi ya Kalumba, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi. Haihitaji chumvi.

Kalumba alikuwa mfanyakazi wa tanuru katika kampuni ya shaba ya serikali, mtu wa makamo, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya parokia. Alikuwa na nyumba aliyojijengea mwenyewe mtaa wa Kikula na mke aliyeitwa Monga, mwanamke mwenye kicheko kilichosikika mpaka sokoni. Ng'ambo ya barabara alikaa Musonda, fundi cherehani, bingwa wa abakosti. Kikula nzima ilijua kwamba Musonda anamshonea Monga nguo nyingi kuliko zile anazovaa. Kalumba peke yake ndiye hakujua, kwa sababu saa za kushonwa nguo hizo yeye alikuwa mbele ya tanuru.

Asubuhi moja kazi ilisimamishwa kiwandani kwa ajili ya animation, yaani kuimba na kucheza kwa heshima ya chama na Kiongozi. Sauti ya Kalumba ilitakiwa sana, lakini magoti yake hayakupenda kucheza. Akatoroka kimyakimya, akapanda baiskeli, akarudi nyumbani saa ambayo hakuna aliyemtazamia. Majirani walimsikia akiuliza mlangoni kwake:

"Musonda, uko unapima nini bila tepu?"

Kisha vishindo, kisha kimya. Walimkuta nyuma ya nyumba akiwa na jeraha kichwani, akafa kabla ya kufika hospitali. Monga na Musonda walisema kwa sauti moja kwamba ameanguka na baiskeli. Baiskeli ilikuwa mbele ya nyumba, imeegemezwa ukutani vizuri sana.

Jeraha lilikuwa na pembe tatu. Nililipima kwa tepu yangu, nikaenda kupima na ncha ya pasi ya makaa ya Musonda. Vikalingana. Pasi yenyewe ilikuwa inang'aa. "Nani anasafishaka pasi na sabuni?" akauliza Kabwe, na kwetu sisi wawili uchunguzi ulikuwa umekwisha.

Nikampelekea habari mwendesha mashtaka, tuliyemwita Substitut kwa cheo chake. Alikuwa kijana mwema, mwenye masomo, amekulia Kinshasa kwenye Kilingala na kulelewa na mapadri, na alikuwa hajamaliza kufungua masanduku yake. Alinisikiliza vizuri, akanionyesha vizuizi viwili. Kwanza, tukiandika kwamba Kalumba alikuwa nyumbani saa ile, lazima tuandike kwamba alikimbia ngoma za Kiongozi, na chama kitataka marehemu ashtakiwe kabla ya muuaji wake. Pili, Musonda alikuwa anamshonea yeye Substitut abakosti ya sikukuu, na umebaki mkono mmoja.

"Fundi hawezi kuua mtu wiki ya sikukuu," akasema. "Hana nafasi."

Ndipo tukaenda naye matangani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kuna jambo ambalo ninyi mliozaliwa hapa mnalijua, ila naliandika kwa ajili ya wageni. Katika ukoo wa Kalumba, mjukuu si lazima awe mtoto wa mtoto wako. Mtu wa rika lako anaweza kuwa mjukuu wako kwa ukoo, akakuita nkambo, yaani babu. Mjukuu huyo wa Kalumba alikuwa Ngoy, rafiki yake wa tanuru na jirani yake wa kwaya. Wengine wote wakilia, kazi ya mjukuu ni kucheka. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamtukana, anachukua sufuria za watu, anaweka mkono kwenye jeneza na kudai malipo. Na matanga hayaishi mpaka mjukuu huyohuyo azoe majivu ya moto wa msiba. Asipozoa, wafiwa wanabaki mkekani.

Tulipofika, Ngoy alikuwa ndani ya ovaroli na kofia ya chuma ya Kalumba, anatembea kwa magoti mabovu ya Kalumba, anapiga kelele:

"Minye njo nilimuua! Huyu nkambo alikuwa anakula bukari yote, minye ananiachia mufupa! Nikamupiga, pa! Akaanguka sawa muzigo! Na akirudia, nitamuua tena!"

Watu walicheka mpaka machozi. Monga mwenyewe alicheka mkekani, akajifunika uso. Substitut akaniinamia: anasema nini?

"Anasema yeye ndiye aliyemuua," nikatafsiri, nikavuta pumzi ili niendelee na maelezo.

Pumzi hiyo ilitugharimu. Substitut alikuwa amekwisha kuwapa ishara majandarme, askari wake. Ngoy alidhani ni sehemu ya msiba, akafurahi sana kuona serikali imekuja kumchezea nkambo wake. Wakimvuta kuelekea gari alikuwa bado anawadai haki ya mjukuu, ambaye habebwi bure:

"Kwanza mulipe! Mujikulu habamubebake bule!"

Nilimweleza Substitut njia nzima mpaka ofisini. Alinijibu kwa upole kwamba kwao pia watu hutaniana, lakini si juu ya mauaji, na kwamba amesikia kwa masikio yake mtu akikiri mbele ya umati wa mashahidi. Sheria aliyosomeshwa ilikuwa haina ukurasa wa wajukuu.

Usiku haukunipa usingizi, asubuhi nikaenda kwa Ngoy selo. Nikamwambia amwambie hakimu kwamba alikuwa anatania, basi.

"Inspekta," akasema, maana kwa raia kila mpelelezi ni inspekta, "kilio haiyaisha. Nikianza kusema bya kweli mbele ya kilio kuisha, nkambo atafikiri namukana."

"Watakunyonga, Ngoy."

"Basi nitamukuta kule. Nitamupiga tena."

Mdomo ulikuwa unacheka. Mikono ilikuwa imeshika nondo za selo kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nilielewa kwamba mtu huyu anaogopa kufa kuliko mimi ninavyomwogopea, na kwamba hata hivyo hatasema.

Katika kesi ya kwanza Substitut alisimama ndani ya abakosti mpya, mikono yote miwili imekamilika, kazi safi kabisa. Mimi nilieleza habari za pasi. Nikaulizwa kama nimesomea ushonaji. Kisha hakimu akamgeukia mshtakiwa: je, ulimuua Kalumba?

"Nilimuua mara mbili, citoyen Président," akajibu Ngoy, akimwita hakimu kwa cheo chake. "Mara ya kwanza hakusikia."

Ukumbi ulicheka, isipokuwa mke wa Ngoy, aliyekaa benchi la mbele na watoto wao. Hakimu akaliandika jibu. Wakamhukumu kifo. Ngoy akaiomba mahakama imlipe, kwa kuwa imepita mbele ya mjukuu bila kutoa kitu, na wakamtoa nje akiwa bado ananyoosha mkono.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa matanga. Ovaroli na kofia viliingia katika chumba changu cha vielelezo, na mwenye kuvivaa akawa gerezani, akisubiri rufaa. Majivu hayakuzolewa. Moto wa msiba ulibidi uendelee kuwaka. Monga alibaki mkekani na nguo nyeusi, nywele hazichanwi, na ndugu wa Kalumba walikuja zamu kwa zamu kumsindikiza katika huzuni yake. Huzuni hiyo ilikula bukari, yaani ugali, mara mbili kwa siku.

Anayewalisha alikuwa Musonda. Alileta unga, alileta makaa, alileta samaki, alileta sukari ya chai. Ndugu walimsifu kwa moyo wake mzuri. Mwaka ukapita hivyo. Siku moja akaja ofisini kwangu amekonda, akakaa kwenye benchi la washtakiwa bila kualikwa.

"Inspekta, hii kilio itaisha lini?"

"Ngoy akitoka, au akinyongwa."

"Akinyongwa, nani atazoa majivu?"

Nikamwambia nilivyoambiwa na ukoo: kwanza itabidi kumlilia Ngoy mpaka kilio chake kiishe, kisha ndipo watafute mjukuu mwingine. Musonda akashika kichwa. Angeweza kukimbilia Zambia tangu zamani, mpaka hauko mbali. Lakini alimpenda Monga kweli, na Monga hakuweza kuinuka mkekani, basi naye hakuweza kuondoka Kikula. Nilimhurumia, na bado nilitaka kumfunga pingu. Ninyi pia mtakutana na siku za namna hiyo.

Rufaa ilikuja kutoka Lubumbashi: majaji watatu, wakaketi katika ukumbi wa parokia kwa kuwa ule wa mahakama ulikuwa unavuja. Wakili wa Ngoy alimwita dada ya marehemu, Mama Numbi, muuza mikate wa soko la Kikula, mwanamke asiyeogopa mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti.

"Mama," akamwuliza jaji mkuu, "ni kweli kwenu mtu akifa mnacheka?"

"Bengine banalia. Mujikulu anacheka. Njo kazi yake. Kama hakuna mwenye kucheka, maiti atafikiri tuko tunamufukuza."

Jaji mkuu akasema kwamba kumbe hata kwao kijijini kuna kitu kinachofanana. Majaji wengine wakatikisa vichwa. Dakika hiyo nilidhani Ngoy ameokoka. Lakini jaji mkuu akaongeza kwamba mtu amekufa, na madhali hakuna mwingine aliyepatikana, hukumu ya kwanza haiwezi kufutwa kwa sababu ya mila peke yake.

Ndipo Musonda akasimama nyuma ya ukumbi.

"Ni minye! Ni minye nilimuua Kalumba!"

Jaji mkuu akatabasamu kama mtu aliyejifunza somo jipya na kufurahi kulitumia.

"Na huyu naye ni mjukuu?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Hapana, citoyen Président!" Musonda akalia. "Minye niko fundi!" Wakacheka zaidi. "Nilimupiga na pasi!"

"Pasi ya moto ao ya baridi?" akauliza mtu wa benchi la nyuma, na hata jandarme wa mlangoni akaegemea ukuta. Jaji mkuu alimshukuru Musonda kwa kuionyesha mahakama mila ya wenyeji, akamwomba akae. Akakaa, analia kwa sauti, na watu wakampigia makofi kwa jinsi anavyojua kuigiza.

Substitut ndiye aliyesaidia, lazima nimpe haki yake. Alisimama akasema kwamba mahakama haiwezi kupokea utani wa mtu asiye na haki ya kutania, na kwamba ichunguzwe kama shahidi huyu ni mjukuu wa marehemu au siyo. Kazi nikapewa mimi. Katika miaka yangu yote hiyo ndiyo mara pekee niliyotumwa kuchunguza, si nani ameua, bali nani ana ruhusa ya kuchekesha.

Nilipanda baiskeli mpaka upande wa Kamatanda kwa mama yake Musonda, naye Musonda akinifuata kwa miguu ili kuhakikisha. Mama huyo alielewa haraka kuliko majaji: mwanawe akiwa mjukuu, maneno yake ni mzaha, na atalala nyumbani.

"Ndiyo, ni mujikulu!" akasema. "Kalumba alikuwa nkambo yake kabisa! Bibi yangu na bibi yake balikunywa ku kisima kimoja!"

"Mama, shiye hatuna famille na beye!"

"Nyamaza! Unajua nini? Siku ulizaliwa, weye ulikuwa pale?"

Kila swali nililouliza, mama alizaa bibi mwingine. Nilirudi mjini na ukoo mrefu sana, na Musonda nyuma yangu akiniapia njia nzima kwamba yeye si ndugu wa mtu.

Mahakama ilipoketi tena, mama yake akayarudia yote, vizuri zaidi. Majaji walianza kukubali. Nilimtazama Ngoy. Hakuwa anafanya mzaha tena, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kitu. Alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti, anamtazama mkewe. Kama fundi ni mjukuu, basi fundi ametania, na kamba inarudi kwenye shingo ya Ngoy. Hata mtoto wa benchi la mbele alijua hivyo.

Mama Numbi hakusubiri kuitwa.

"Huyu mujikulu?" akasema, akimwonyesha Musonda kwa kidole. "Mujikulu anachukuaka bintu. Huyu mwaka muzima alikuwa analeta tu: bunga, makala, samaki. Na mujikulu anatukanaka. Huyu, siku yote anasema, 'Marehemu alikuwa muntu muzuri, marehemu alikuwa muntu muzuri.' Nani anamusemaka Kalumba vile? Hata bibi yake Monga hapana. Hata minye dada yake hapana! Ni mwenye kumuua tu njo anaweza kusema vile."

Hakuna aliyecheka. Monga aliinuka na nguo zake nyeusi, nywele zimesimama, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea:

"Anasema kweli. Ile pasi, ni minye niliisafisha."

Musonda alimtazama, akafuta uso kwa tepu ya ushonaji iliyokuwa shingoni mwake. Kesi yake mwenyewe haikuchukua muda. Alipata kifungo cha maisha, akauliza kama gerezani kuna cherehani. Monga alipata kifungo kifupi kwa kuficha, na mahakama ikamruhusu kwanza akamalize matanga, chini ya ulinzi wangu. Substitut aliendelea kuivaa abakosti yake miaka mingi. Ilikuwa imeshonwa vizuri mno.

Jumapili baada ya misa nilifunga ovaroli na kofia ya chuma nyuma ya baiskeli, nikavirudisha Kikula. Watu walijaa uani, wengine juu ya ukuta. Ngoy, aliyekuwa ametoka gerezani siku chache tu, alizivaa nguo hizo polepole. Zilikuwa zinampwaya sasa. Akazoa majivu yote kwa uangalifu, akamwaga maji, akaukunja mkeka wa Monga. Kilichobaki kilikuwa mzaha wa mwisho, ule wa kufunga kilio, na mtu aliyetania mbele ya kamba ya serikali alitazamiwa kuwa na mzaha mkubwa. Kikula ilisogea kumsikiliza.

Ngoy alisimama na ufagio mkononi. Akakitazama kiti cha Kalumba, akautazama mlango.

"Kumbe kweli alikufa?" akauliza.

Kicheko kilichotoka kilikuwa cha mwaka mzima. Watu walishikana mabega. Ngoy alingoja kiishe, hakikuisha, akawatazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi.

"Inspekta, weye unasemaka kweli. Alikufa?"

Ufagio aliushika sasa kwa mikono miwili. Nikakumbuka kwamba tangu siku ya kwanza mtu huyu hakuwahi kupewa hata saa moja ya kulia.

"Alikufa, Ngoy," nikasema.

Akaivua kofia ya chuma, akaiweka juu ya kiti cha rafiki yake, akakaa chini mahali majivu yalipokuwa, akalia. Mama Numbi akaketi karibu naye, akamshika kichwa. Watu wa nyuma, ambao hawakuuona uso wake, waliendelea kucheka.